Mahindi Hayajui Kama Yametiwa Mbolea

Kwako Nafula, mama,

Barua huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa, lakini hali yako ninaijua. Uko Mukumu kwa shangazi yako, umekalishwa jikoni, unalishwa kama mtu anayekwenda mahali wasikopika. Mvua ya alasiri imekwisha kuanza kupiga mabati, kwa hiyo hutatoka huko kabla haijakatika, nami nina nafasi ya kukaa hapa barazani na kalamu. Mama yako amevuka kwa jirani kuazima pasi. Sanduku lako liko ukumbini, wazi, na ninajua kwa nini bado liko wazi.

Sitakuandikia habari za soksi nzito, wala maji ya kuchemsha, wala marafiki wa kuwaepuka. Mama yako ameyasema hayo, tena ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. Ninataka kujibu swali lako la Jumapili.

Ulikuwa unakusanya vyombo baada ya chakula. Baba yako mdogo, ambaye mzaha haujawahi kumpita bila kuudaka, alikuwa ametoka kusema, "Sasa huyu mtoto anaenda mpaka Uchina, miaka yote hiyo, ndio arudi mganga wa kudunga watu? Si angeenda tu Matungu. Kuna wazee huko wanapiganga chuku vizuri, na nauli ni kidogo." Watu walicheka, nawe ukacheka nao. Lakini ulipoinama kuchukua kikombe changu uliniuliza polepole, "Baba, kama ile sindano yenu ya uongo na ile ya kweli zilitoa jibu moja, mimi naenda kusomea nini?"

Sikujibu. Ukachukua kikombe, ukasema bila hasira yoyote, "Nikikosa jibu mpaka siku ya safari, sitapanda basi la uwanja wa ndege. Nafasi ya chuo nitawarudishia wampe mwingine."

Siku ya safari ni kesho. Tangu Jumapili nimejaribu kukujibu kwa mdomo, na kila nikifungua kinywa unanitazama kwa yale macho yako yanayosema Baba ameanza darasa. Una haki. Mtu akiniuliza njia ya sokoni, mimi huanza na habari za jinsi barabara ilivyochimbwa. Karatasi ina uvumilivu kuliko macho yako, kwa hiyo nimekimbilia kwenye karatasi.

Unamkumbuka Daktari Lin, yule Mchina wa sindano. Ulikuwa darasa la saba alipokuja, na ulimcheka kwa sababu alikula obusuma, ugali wetu, kwa kijiko. Mimi nilikuwa tabibu wa kituo kidogo cha afya kilichokuwa katikati ya miwa, upande wa Ekero, nikirudi nyumbani mwisho wa juma na matope ya huko kwenye viatu. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wakata miwa. Mkata miwa huinama tangu umande haujakauka, hukata shina chini kabisa kwa sababu huko ndiko kuliko na utamu, na akifika umri wa kusomesha watoto mgongo wake umekuwa wa babu. Tuliwapa vidonge vya maumivu vilipokuwapo. Visipokuwapo tuliwapa pole.

Lin alitumwa kwetu na hospitali kubwa baada ya kusikia habari za migongo hiyo. Alikuja na sindano zake zisizo na dawa ndani, nyembamba kama unywele wa nguruwe, kila mgonjwa akawekewa zake peke yake kwa sababu ya hofu ya ugonjwa huu wa siku hizi. Hakuwa na Kiswahili ila maneno machache, na Kiingereza chake na changu vilielewana kwa shida. Alidunga watu viunoni, nyuma ya magoti, kwenye vifundo vya miguu. Watu walitoka wamenyooka. Foleni ikawa ndefu hadi nje ya lango.

Ningekuwa mtu mwingine ningeshukuru nikanyamaza. Lakini nilikuwa nimesoma, na kusoma kulikuwa kumenifundisha kuwa mtu haendi kwa daktari siku yoyote tu. Huenda siku ile maumivu yamefika kileleni. Na baada ya kilele, njia zote huteremka, awe ametibiwa au hakutibiwa. Nilimwambia Lin hivyo, nikiogopa kumwudhi mgeni. Akasema, "Na mimi pia nataka kujua." Nafula, nimefanya kazi na madaktari wengi wa nchi nyingi, na mtu aliyetumia ujana wake kujifunza jambo kisha akakubali lipimwe ni mtu adimu. Ninamshukuru kwa sentensi hiyo mpaka leo.

Kupima kidonge ni kazi rahisi. Unatengeneza kingine cha unga, rangi ile ile, uchungu ule ule, unawapa nusu ya watu hiki na nusu kile, na wala wao wala wewe hamjui nani amepata nini mpaka mwisho. Kidonge cha unga si mchezo wa kuwahadaa watu. Kipo ili kubeba kila kitu kinachokuja pamoja na dawa ambacho si dawa: matumaini, safari ya kuja kliniki, koti jeupe, muda unaopita. Ukiondoa vyote hivyo kwa kuvilinganisha, kinachobaki ndiyo dawa yenyewe. Lakini sindano? Utamdunga mtu bila kumdunga namna gani?

Kabla ya kuwaeleza wagonjwa, nilijizoeza kwa mama yako. Alikuwa akichambua mboga. Nikamwambia, fikiria shamba la majaribio. Kipande hiki kina mbolea, kipande kile hakina, mvua ni ile ile, palizi ni ile ile. Ukivuna unajua mbolea imefanya nini. Nilijiona nimeeleza vizuri sana.

Mama yako akasema bila kuinua kichwa, "Lakini Baba Nafula, mahindi hayajui kama yametiwa mbolea."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Watu wanajua. Mtu ukimwambia umemtia mbolea, hata kama ni majivu, ataanza kurefuka hapo hapo."

Nilimpelekea Lin maneno hayo siku iliyofuata. Aliyabandika ukutani kwa Kichina. Nilitamani siku zote kumwonyesha mama yako karatasi ile, lakini siku aliyokuja kituoni mchwa walikuwa wamekwisha kuila.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa la mkato. Lin alisema kila sindano ina nukta yake mwilini, kwa hiyo tukaamua kwamba kundi la kulinganisha litadungwa kidogo tu juu ya ngozi, mahali ambapo hakuna nukta. Tuliwaambia watu wazi kuwa wengine watapata sindano ya tiba na wengine ya kulinganishia, na kwamba hatutasema ni nani na nani mpaka mwisho, na asiyetaka aende nyumbani bila ubaya. Wengi walibaki.

Miongoni mwao alikuwa Mzee Rajabu wa Matungu, mkulima wa miwa, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Aliangukia kundi la kulinganisha. Baada ya kudungwa mara ya kwanza alikaa kitandani akatazama ngozi yake, akatutazama sisi.

"Daktari, mimi nimepigwa chuku tangu ujana wangu. Pembe inawekwa, damu chafu inatoka, unaiona kwa macho. Sasa hii yenu, damu iko wapi?"

Nilimweleza kuwa tiba hii haitoi damu. Aliitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mtoto anayekuambia ameona simba. Wiki iliyofuata, kwa bahati mbaya, sindano ya kulinganishia iligusa mshipa mdogo na tone la damu likajitokeza kiunoni pake. Mzee Rajabu akainuka amechangamka. "Alhamdulillahi," akasema. "Leo mmenitibu." Akaenda zake amenyooka kama mlingoti wa bendera, na siku ya kliniki iliyofuata kila aliyeingia alitaka "ile ya Mzee Rajabu". Waliopata sindano za kweli za Lin, zisizotoa hata tone, walinuna wakiamini wameibiwa.

Ikabidi tutupe kazi yote na kuanza upya. Hapo nilijifunza kuwa huwezi kutengeneza kitu cha kulinganishia kwa kufikiria dawa peke yake. Lazima uanze na kile ambacho mtu amekuja nacho kichwani. Mtu wa kwao Lin angeogopa damu. Watu wetu waliikosa. Na Lin akaongeza jambo ambalo nilipaswa kulijua: ngozi iliyodungwa, hata kidogo, hata pasipo nukta, si ngozi isiyodungwa. Mwili umekwisha kusikia kitu. Sindano yetu ya uongo haikuwa ya uongo kamili.

Ya pili tuliitengeneza hapa mjini kwa fundi wa saa. Tulikata ncha ya sindano ikawa butu, tukaiingiza katika kipande cha mrija wa ndani wa kalamu ya bairo. Ukiibonyeza kwenye ngozi, sindano inarudi ndani ya mrija badala ya kuingia mwilini, na anayetazama anaiona inapungua urefu kama iliyozama. Ili isianguke tulitoboa plasta yenye sponji, ikasimama ndani yake. Na ili zifanane, sindano za kweli nazo tuliziwekea mrija na plasta vile vile. Fundi alidhani sisi ni wachawi. Alikataa kuijaribu kwenye mkono wake hata tulipomwahidi soda.

Nilikuja nayo nyumbani pamoja na Lin. Mama yako alifumba macho, akanyoosha mkono, Lin akamdunga ya kweli kisha nikambonyeza ya kalamu. Aliguna kwenye ile ya kalamu. "Hii," akasema, "hii ndiyo yenyewe. Imeingia mpaka mfupani." Tulipomwonyesha mrija alitazama ngozi yake isiyo na hata alama, akatikisa kichwa. "Basi nimeolewa na mwongo mwenye cheti."

Tukaona tumefaulu. Na hapo ndipo penye kosa ambalo ninataka ulibebe, maana sisi wawili tulililipia ili wewe usililipie.

Tulisawazisha kila kitu. Kitanda kimoja, pazia moja, muda mmoja kwa saa ya ukutani, sindano za sura moja. Niliandika hata maneno ya kumwambia mgonjwa: lala kifudifudi, usijitikise, tutazitoa sindano baada ya muda. Lakini mkono wa kudunga sindano za kweli ulikuwa wa Lin, kwa sababu mimi sikujua kuzidunga, na mkono wa sindano za kalamu ukawa wangu. Ilionekana ni mgawanyo wa kawaida wa kazi. Hakuna aliyeshtuka.

Sasa fikiria jinsi mtu wa kwetu anavyomgusa mwenzake. Sikuweza kumwinamia mkata miwa aliyevua shati nikaanza kazi kama anayepiga pasi. Nilimsalimu kwanza, mulembe. Nikauliza alivyoamka, na mama yake aliamkaje, na wale watoto, na kama kibali cha kukata miwa yake kimetoka, na ng'ombe. Hayo hayakuwa kwenye karatasi yetu ya maneno kwa sababu sikuyahesabu kuwa maneno. Kwangu yalikuwa hewa ya kuvuta kabla ya kuanza. Tena, kwa kuwa nilijua ninachowapa hakina kitu, niliwaonea huruma, na huruma ikaongeza maswali. Upande wa pili wa pazia Lin alifanya kazi yake kwa utulivu na ustadi, akisema mulembe, lala, pole, basi.

Mwisho wa kila ziara tulipima maumivu kwa punje za mahindi. Mgonjwa alichota punje akazitia kwenye bakuli, nyingi kama maumivu ni mengi, chache kama yamepungua. Aliyeshika bakuli nilikuwa mimi, kwa wagonjwa wangu na wa Lin.

Umekwisha kuliona tayari, sivyo? Sisi hatukuliona. Tulipomaliza, mabakuli ya kundi la kweli yalikuwa yamepungua. Ya kundi la kalamu yalikuwa yamepungua vile vile, tena kwa wengine zaidi kidogo. Lin alizihesabu punje zile mara ya pili. Kisha akachukua mrija mmoja wa kalamu akaugeuza geuza kwenye vidole vyake, akasema, "Basi miaka yangu yote ni sawa na hii."

Ndiyo maana sikuweza kukujibu Jumapili. Uliniuliza swali lake kwa sauti ile ile.

Lin alikuwa ameanza kufunga vitu vyake siku Makokha alipofika. Makokha alikuwa mkata miwa wa Ekero, mtu mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, mmoja wa wagonjwa wangu wa kalamu. Alikuja na ingokho kwapani kutushukuru. Kuku akawekwa chini amefungwa miguu, chai ikaletwa, tukakaa sote watatu kwenye benchi la nje.

"Daktari," akaniambia, "wenzangu wa huyu Mchina walikuwa wanatuonea wivu."

"Wivu wa nini? Mlikuwa mnapata sindano sawa, mnavyojua ninyi."

"Sindano ndiyo. Lakini wao walikuwa wanadungwanga kimya, kama ng'ombe kwa dipu. Unaingia, unamwagiwa, unatoka. Sisi wako tulikuwa tunaulizwanga mpaka habari ya ndama. Mimi siku ile ndama yangu ilikuwa inaharisha, nikalala pale nikasema, hata kama hii mgongo itakataa kupona, huyu mtu nitamwambia imepona. Si ni adabu?"

Lin aliona uso wangu umebadilika akaomba nimtafsirie. Nikamtafsiria neno kwa neno, pamoja na dipu. Aliweka kikombe chake cha chai chini. Kisha akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu hadi akavua miwani kupangusa macho. Akamgeukia Makokha, akakusanya Kiswahili chake chote, akasema, "Habari ya ndama?"

Makokha akapiga goti lake kwa kofi. "Eeh! Sasa huyu ndio ameanza kutibu!"

Tulikuwa tumewaahidi wote kuwaambia mwisho walichopata, na nilimwambia Makokha pale pale kuwa chake kilikuwa mrija wa kalamu. Niliogopa. Nilidhani mgongo ungemrudia akiwa bado kwenye benchi. Aliniangalia, akamwangalia kuku wake kama anayefikiria kumrudisha nyumbani.

"Lakini daktari," akasema, "mwezi uliopita nilimbeba mtoto wangu begani mpaka kanisani. Yule mtoto, nilimbeba ya uongo?"

Nikasema hapana.

"Basi mpikeni kuku."

Maumivu yalimrudia msimu wa kukata ulipoanza, na alikuja. Lin, aliyekuwa ameahirisha kuondoka, akamdunga sindano za kweli. Alipata nafuu. Lakini safari hii Lin alikuwa anamwulizia ndama kila ziara, kwa hiyo hata hapo hatukujua. Tulicheka sana juu ya hilo, mimi na Lin, na tukapanga kurudia kila kitu kwa njia iliyo sawa. Kabla hatujaanza muda wake ukaisha, akaitwa kwao. Aliniachia sindano moja ya kalamu. Mimi sikuwa na ujuzi wa mkono wake, yeye hakuwa na lugha yangu, na hakuna aliyekuwa na vyote viwili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Uliposema kuwa sindano ya kweli na ya uongo zilitoa jibu moja, ulisema sawa, lakini jibu lile halikuwa la swali tuliloliuliza. Tulidhani tunapima sindano. Tulikuwa tumeweka sindano upande mmoja na salamu upande wa pili, kisha tukawauliza watu wenye adabu wamwambie mwenyeji wao kama amewasaidia. Punje zile haziwezi kukuambia kuwa sindano ya Lin ni bure. Haziwezi pia kukuambia kuwa inaponya. Kwa hiyo usimwamini baba yako mdogo anayesema unakwenda kusomea uganga, na usimwamini atakayekusimulia huko kuwa mambo yote yalikwisha kujulikana na mababu. Mimi ni baba yako, nilikuwapo, na sijui.

Ila nimekuwa na miaka ya kufikiri namna ambavyo ingejulikana. Ingetakiwa mkono mmoja udunge za kweli na za kalamu, mkono wenye ustadi wa kweli, kwa kuwa asiyeijua sindano hawezi kuiigiza. Mimi nilikuwa nikiibonyeza kama muhuri. Mkono huo uwe na salamu zilizopimwa, ndama kwa wote au ndama asiwepo kwa hata mmoja. Anayeshika bakuli la punje awe mtu mwingine kabisa, asiyejua nani alipata nini, na asiwe mtu ambaye mgonjwa anaona aibu kumsikitisha. Mwishoni kila mgonjwa aulizwe anadhani alipata ipi, ili ujue kama siri yako ilivuja. Na wawepo wengine wanaongoja zamu tu, uone muda peke yake unafanya nini. Mtu wa kufanya hivyo lazima ajue kudunga kama Lin na kusalimu kama sisi. Nimetazama huku na huku, na katika watu wote ninaowajua hajapatikana. Anaweza kutengenezwa.

Na kama siku moja itaonekana kuwa sindano haizidi mrija wa kalamu? Utakuwa umetuletea kitu kikubwa hata hivyo. Utakuwa umepima, kwa mara ya kwanza ninavyojua mimi, uzito wa kumwuliza mtu habari za nyumbani kwake. Sisemi uwadanganye watu kwa ajili ya nafuu yao. Makokha alijua tangu siku ya kwanza kuwa huenda ni ya uongo, akakubali kwa hiari yake, na ndiyo maana aliweza kula kuku yule pamoja nasi.

Nikuambie na hili. Wewe nilikulea bila kundi la kulinganisha. Sijui ni kipi kati ya maneno yangu kilichokusaidia, na ni kipi ulikuwa nacho tayari tangu ulipozaliwa ukapewa jina la mama yangu siku ile ya mvua. Nimejipa sifa kwa mambo yako mazuri, kama kila baba, na hakuna punje za kunihakikishia. Kwa hiyo nimeacha kutafuta sababu, ninashukuru tu. Ninashukuru kwamba uliuliza swali lile mbele ya kikombe changu, wakati ungeweza kupanda basi ukiwa na shaka ukanyamaza. Ninashukuru kwamba hukuuliza ili kushinda. Mtu anayeweza kusema "nikikosa jibu sitakwenda" juu ya jambo analolitamani, huyo ameanza kazi kabla ya kufika shuleni.

Utaona sijakuambia uende, wala sijakuambia ubaki. Nimejizuia tangu mstari wa kwanza. Nilijifunza kwenye pazia lile kuwa mkono unaojua huvuja, na sitaki utakachoamua kiwe ni kunifurahisha, kama Makokha na punje zake. Mama yako, ambaye amerudi na pasi na kusoma juu ya bega langu bila ruhusa, anasema mkono wangu umekwisha kuvuja kitambo. Eti baba asiyejua anachotaka hapaki rangi viatu vya mtoto na kuviweka mlangoni. Nimemwambia viatu hupakwa rangi hata vya kwendea kanisani. Amecheka.

Sindano ya kalamu aliyoniachia Lin nimeifunga kwenye kitambaa cheupe. Iko juu ya meza, si ndani ya sanduku. Kuitia sandukuni kungekuwa kukuamulia.

Mvua imeanza kupungua, na muda si mrefu nitakusikia langoni ukigombana na mbwa. Nitakupa barua hii nikuache uisome peke yako. Kesho asubuhi chai itakuwa ya maziwa kwa vyovyote vile. Utakapotoka chumbani nitakuwa kwenye kiti changu, na nitakusalimu kama nilivyokusalimu kila asubuhi: mulembe, mama, umelalaje. Ukiwa unapanda basi salamu ni hiyo, ukiwa unabaki salamu ni hiyo, sauti moja, urefu mmoja. Hilo angalau miwa ya Ekero ilinifundisha. Nitasubiri uniitikie mpaka umalize.

Ndipo nitatazama miguuni nione umevaa viatu gani.

Baba yako.